Majina yaliyotoka Burungu kwa miguu

Kijana mwenye orodha alipanda juu ya jiwe la volkano, akakinga mkono mbele ya kinywa, akaita: "Stanislas!" Wanaume watatu wakaitika kwa mara moja. Foleni nzima ikacheka, hata wale waliokuwa wamesimama hapo tangu alfajiri huku nguo zao bado zina maji ya mvua ya usiku. Akaita tena, safari hii akiongeza jina la pili. Wawili wakarudi nyuma, mmoja akasogea kuchukua jetoni yake.

Hiyo ilikuwa Aprili 2023, katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani magharibi ya Goma, upande wa barabara ya Sake. Wengi katika foleni hiyo walitoka Burungu, Kitshanga na vijiji vya jirani, usultani wa Bashali, teritwari ya Masisi. Mwezi wa Januari vita viliwafikia, na tarehe 26 ya mwezi huo waasi wa M23 wakaingia Kitshanga. Kuna walioshika njia ya Mweso, kuna waliokata milima kuelekea Walikale, na kuna waliozunguka siku nyingi hadi karibu na ziwa. Mmoja alibeba godoro, mwingine sufuria, mwingine mbuzi ambaye aliuzwa njiani kwa bei ya kuku.

Karibu na mwisho wa foleni alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto huyo wa kiume alizaliwa njiani, wanawake wasiomjua mama yake wakishika vitenge kuzunguka kama ukuta. Sasa alikuwa na wiki 11. Kwenye karatasi ya familia aliandikwa neno moja tu: "bebe". Jina hakuwa nalo. Kwa ukoo wao jina hutoka kwa baba au kwa wazee wa baba, na baba wa mtoto hajaonekana tangu siku ile watu walipotawanyika.

Kijana wa orodha alikuwa amemwambia wiki iliyotangulia kwamba muda unakwisha. Tangu Kanuni ya Familia iliporekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, mzazi wa Kongo ana siku 90 za kutangaza mtoto wake kwa ofisa wa serikali bila kulipa. Zikipita, inabidi hukumu ya mahakama, na mahakama ina gharama zake na safari zake. Kwa mtu anayelala chini ya shitingi hilo ni sawa na kuambiwa asahau. Kwa hiyo watoto wote waliozaliwa njiani walitakiwa kuandikwa siku hiyo, jina kamili, ili orodha yao ipelekwe kwa pamoja.

Mama akamwambia: "Andika Casimir. Ni jina la baba yake."

Jirani mmoja kwenye foleni, mwanaume anayejua kusoma mambo mengi kwenye simu, akadakia: "Casimir? Unajua maana yake, mama? Maana yake ni mharibu amani. Nilisoma. Mtoto wa kambi unampa jina hilo?"

Mama hakujibu. Kijana akanyanyua biki kutoka kwenye karatasi. Na hapo ndipo mzee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya bidoni ya njano, akaingilia.

Mzee huyo alifundisha historia miaka mingi katika shule moja ya Masisi, na kabla ya kuoa alipita seminari ndogo. Watu wanamwita Mwalimu, basi. Hakuwa na haraka. Zamu yake ilikuwa mbali.

Alianza na wale wa Stanislas. Majina hayo, alisema, watu wanadhani ni ya Wafaransa au Wabelgiji kwa sababu mapadri waliokuja Kivu walikuwa Wazungu wa huko. Lakini Mbelgiji mwenyewe alilipokea tu. Stanislas ni jina la Waslavi, yaani watu wa Polonia, Urusi, Ukraine, Ucheki, Serbia na ndugu zao, ambao lugha zao zinafanana kama vile Kihunde, Kinyanga na Kinande zinavyofanana. Waslavi wa zamani walipenda kuunganisha maneno mawili kuwa jina moja. *Slava* ni sifa, utukufu. Stanislas ni mtu atakayesimama, atakayefikia utukufu. Ladislas, ambaye kwao ni Vladislav, ni mtawala mwenye utukufu. Venceslas ni yule ambaye utukufu wake unazidi wa wengine. Boleslas vilevile, ana sifa zaidi.

"Hayo yote ni maombi ya baba kwa mtoto," alisema Mwalimu. "Hakuna mtu aliyezaliwa na utukufu mkononi."

Yalifikaje Masisi? Kwa kalenda. Kanisa Katoliki liliweka watakatifu katika siku za mwaka, na padri aliyebatiza alikuwa na kalenda hiyo ukutani. Mtoto aliyeletwa karibu na tarehe 4 Machi alipata Casimir, mwana wa mfalme wa Polonia aliyefariki mwaka 1484 akiwa na miaka 25. Wa tarehe 11 Aprili alipata Stanislas, askofu wa Kraków, aliyeuawa mwaka 1079 kwa amri ya mfalme Boleslas. Wa tarehe 28 Septemba akawa Venceslas, mtawala wa Bohemia aliyeuawa na watu wa ndugu yake mwenyewe. Halafu yule mtoto akakua, akawa baba mdogo wa fulani, akawa msimamizi wa ubatizo wa mwingine, jina likapita kwa mwingine tena. Baada ya vizazi viwili, vitatu, hakuna anayefikiria Polonia. Casimir ni babu wa Burungu aliyekuwa na shamba la maharage.

Kuna Stanislas wa pili, na Mwalimu alimkumbuka kwa sababu ya miguu yake. Stanislas Kostka alikuwa kijana wa ukoo mkubwa wa Polonia, akisoma Vienna. Familia ilimkatalia kuingia utawa, na kaka yake alikuwa akimpiga. Mwaka 1567 akavaa nguo za maskini, akatoroka, akatembea kwa miguu hadi Dillingen huko Ujerumani, kisha akavuka milima hadi Roma. Mwaka uliofuata alifariki, na miaka yake ilikuwa 17 tu. Wale wanaume watatu wa Stanislas walisikiliza hadithi hiyo kwa makini zaidi kuliko ya askofu.

Lakini jirani mwenye simu hakuridhika. Yeye aliuliza juu ya Casimir, si juu ya Stanislas.

Basi Mwalimu akafika kwenye *mir*. Katika lugha za Waslavi neno hilo ni amani. Kwa Kirusi ni amani na pia ni dunia, neno moja kwa vyote viwili. Casimir, ambaye kwa Kipolonia anaandikwa Kazimierz, ana *mir* mwishoni. Mwanzoni lina neno la kitendo, na hapo ndipo watu wanagawanyika. Wengi wanaojua lugha hiyo husema ni *kazić*, kuharibu: mharibu amani, jina la shujaa wa zamani ambaye adui akilisikia hapati usingizi. Wengine walilisikia kama *kazać*, kuamuru, kusema mbele ya watu, kuhubiri: anayetangaza amani. Watu wa kanisa walipenda la pili. Jirani hakusema uongo, ila alisoma nusu.

"Kwa hiyo ni lipi?" kijana akauliza, biki bado hewani.

"Linategemea nani anaita," akajibu Mwalimu, na watu wakacheka tena, ingawa mama hakucheka.

Jambo la *mir* lilimpeleka Mwalimu mahali ambapo wasikilizaji wa redio walikuwa tayari wamefika peke yao. Tangu tarehe 24 Februari 2022 kila taarifa ya habari ina Vladimir wa Moscow na Volodymyr wa Kyiv. Ni jina moja. La kwanza ni kwa Kirusi, la pili kwa Kiukraine, na wote wawili wanalirudisha kwa mtawala yuleyule wa zamani, Vladimir wa Kyiv, aliyebatizwa mwaka 988. *Vlad* ni kutawala. Sehemu ya mwisho hapo zamani ilikuwa na maana ya mkubwa, mwenye sifa, lakini kwa karne nyingi masikio ya watu yamesikia *mir*, mtawala wa amani. Mzee mmoja kwenye foleni akatikisa kichwa: wawili wenye jina moja lenye amani ndani yake, na angalia. Hakuna aliyemjibu. Huko Masisi nako kuna watu wanaoitwa Amani upande huu wa mlima na upande ule.

Jina la Mslavi linalojulikana zaidi Masisi, hata kwa mtoto wa miaka minne, si la mtakatifu yeyote. Ni Kalashnikov. Mikhail Kalashnikov, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2013, alitengeneza ile bunduki ambayo hesabu ya 47 katika AK-47 ni ya mwaka wake, 1947. Ukoo huo ulipataje jina? *Kalach* ni mkate wa mviringo, wenye shimo katikati, unaopendwa Urusi. *Kalachnik* au *kalashnik* ni mwokaji wa mkate huo. Kalashnikov ni mtoto wa mwokaji mkate. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakisubiri unga walilipokea hilo kwa kimya cha ajabu kidogo, kisha mmoja akasema kwamba afadhali angebaki na mkate.

Walikale wana la kwao pia. Wazee wa huko wanakumbuka Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe kuchukua kasiteriti ya Bisie na kuileta Goma. Antonov, watu walisema, kama kwamba ni jina la aina ya ndege. Ni jina la mtu, Oleg Antonov, aliyefariki mwaka 1984, na maana yake ni "wa Antoni". Kile kidole cha *-ov* mwishoni kinaonyesha mwenye mtoto. Warusi huongeza tena jina la baba katikati: Vladimir Vladimirovich, Vladimir mwana wa Vladimir. Kwao jina hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kama maji ya mlimani.

Hapo Mwalimu alifurahi, kwa sababu alifika nyumbani. Kwa Wanyanga wa Walikale jina hupanda. Masimulizi makubwa ya Mwindo, ambayo Shekarisi Rureke aliyasimulia mwaka 1956 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakayatoa katika kitabu mwaka 1969, yana mfalme wa Tubondo anayeitwa Shemwindo. *She* ni baba. Yule mfalme mkali, aliyeamuru wake zake wazae wasichana tu, anajulikana kwa jina la mtoto yuleyule aliyetaka kumuua. Hata msimulizi mwenyewe ana jina la namna hiyo: Shekarisi. Na nani hajaona kambini? Mama Furaha, Baba Amani, Mama Neema. Mtu akifiwa na mtoto wake wa kwanza, jirani hawajui tena wamwiteje.

Mwindo pia si jina lililotungwa kwa ajili ya hadithi. Wanyanga hulitoa kwa mtoto wa kiume aliyekuja baada ya wasichana wengi. Wanande wana Muhindo, mtoto aliyegeuza mfuatano, awe wa kiume baada ya wasichana au wa kike baada ya wavulana. Na Wanande huhesabu watoto kwa majina: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, wanafuatana kama namba za nyumba. Mtu asiyejua akaona orodha yenye Kambale kumi, atadhani ni ukoo mmoja. Warusi wa zamani walifanya hivyohivyo. Pervusha alikuwa wa kwanza, Tretyak wa tatu. Ile nyumba kubwa ya picha za Moscow, Tretyakov, inabeba jina la ukoo wa mtoto wa tatu.

Mfano mmoja unavuta mwingine, na Mwalimu hakuwa mtu wa kujizuia. Kivu kuna Sikujua, mtoto ambaye hakutarajiwa. Serbia kuna Nenad, maana yake ileile. Kuna Tumaini hapa, kuna Nadia kule, kifupi cha neno la Kirusi la tumaini. Vera ni imani. Ludmila, bibi yake Venceslas, aliyeuawa mwaka 921, ni mpendwa wa watu: waite Mapendo. Bogdan ni aliyetolewa na Mungu, na ukimweka karibu na Hakizimana, ambaye kwa Kinyarwanda ni "Mungu ndiye anayeokoa", wataelewana bila mkalimani.

Yapo pia majina ya kukinga. Msomi mkubwa wa lugha ya Waserbia, Vuk Karadžić, aliyezaliwa mwaka 1787, aliandika mwenyewe kwa nini aliitwa Vuk, yaani mbwamwitu. Watoto waliomtangulia katika familia walikuwa wakifa, watu wakasema ni wachawi wanawala, na mchawi, walivyoamini, hathubutu kumgusa mbwamwitu. Akaishi. Warusi walikuwa na Nekras, "si mzuri", ili kifo kisimtamani mtoto. Mama yeyote wa Masisi aliyezika watoto wawili anaelewa hilo bila kufundishwa. Na wanaosema Kinyarwanda wana jina moja zito, Ntawuruhunga: hakuna anayekikimbia kifo. Ndani yake kuna kitenzi kilekile kinachozaa neno *impunzi*, mkimbizi.

Hapo Mwalimu alinyamaza kidogo. Kijana akatumia nafasi hiyo kuita majina manne.

Nusu ya shida za orodha zinatoka hapa, na haifai kuzipita haraka. Fishe ya kuandikisha familia ina visanduku vitatu: jina, jina la pili, jina la ubatizo. Anayeipanga huko mbali anafikiri kwamba watoto wa baba mmoja watakuwa na jina moja, kama kwao. Lakini katika nyumba moja ya Burungu mtoto wa kwanza ana jina la babu, wa pili ana jina la siku aliyozaliwa au la shida iliyokuwepo, wa tatu ana jina la rafiki wa baba. Karatasi inaonyesha watu watano wasio na undugu, na mtu anaanza kuuliza: hawa umewaokota wapi? Kuna mama aliyeambiwa hivyo mbele ya watoto wake mwenyewe. Kuna mwingine ambaye herufi moja iliyokosewa, r mahali pa l, ilimfanya arudi nyumbani bila mafuta na bila unga, kwa sababu aliye kwenye jetoni na aliye kwenye orodha hawakuwa mtu mmoja.

Tena nchi hii imeshavua watu majina mara moja. Januari 1972 rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa kuacha majina ya Kizungu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina hilo alitishiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa nje ya nchi kwa miezi. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wakati huo. Anakumbuka jinsi daftari la darasa lilivyoandikwa upya lote kwa siku moja, na watoto wakashindwa kuitika kwa sababu hawakuzoea. Kanisani na nyumbani, lakini, Casimir alibaki Casimir, kwa sauti ndogo. Baada ya Aprili 1990, Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi, majina hayo yalitoka tena mchana, kama watu waliokuwa wamejificha kwenye dari.

Yote hayo yalikuwa mazuri ya kusikiliza, na foleni ilisonga bila watu kuona. Lakini jirani wa simu alirudi pale pale. Kwa nini mama asimpe mtoto jina la kwetu, lenye maana inayojulikana? Kwa nini jina la Mpolonia, tena lenye vita ndani?

Ndipo mama akasema. Hakuinua sauti, na hakumwangalia jirani, alimwambia Mwalimu.

"Mwalimu, njiani tulipita bariere tatu kabla hatujapotezana. Kila mahali waliuliza jina. Yeye alisema Casimir, akanyamaza. Waliuliza tena, akasema Casimir. Wakatuacha."

Watu wazima wote waliokuwa karibu walielewa, na wengine wakageuza uso. Tangu machafuko ya mwaka 1993, yaliyoanzia soko la Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, jina la mtu katika milima hiyo linaweza kufanya kazi ya kitambulisho. Wenye silaha wanalisikiliza kama mtu anavyosikiliza mlio wa ndege, wajue ni wa kundi gani. Jina la babu linasema: huyu ni Mhunde, huyu ni Mhutu, huyu ni Mtutsi, huyu ni Mnyanga, huyu ni Mnande. Kila kabila kati ya hayo lina wafu wake waliouawa kwa sababu ya herufi za mwanzo za jina. Casimir halisemi kitu. Stanislas halisemi kitu. Wale watatu walioitika kwa pamoja asubuhi hiyo hawakuwa wa kabila moja, na hakuna aliyeweza kujua hadi jina la pili liliposomwa. Yaliletwa na wageni, ya watu ambao hawajawahi kuona Masisi, na kwa sababu hiyo hayana adui Masisi.

Mwalimu alikaa kimya kwa muda kuliko kawaida yake.

"Ni kweli," alisema mwishoni. "Lakini, binti yangu, jina la babu yake uliweke pia. Likikosekana kwenye karatasi, kesho mtu atasema mtoto huyu si wa mahali popote. Shamba la Burungu halitamjua."

"Na bariere?"

Mwalimu hakuwa na jibu la bariere. Alisema tu kwamba karatasi inakaa kwenye sanduku, na mdomo unaweza kuchagua la kusema. Ni ushauri ambao wazazi wengi wa Kivu wameshawapa watoto wao, bila kuufurahia. Ilikuwa afadhali kuusema wazi kama yeye.

Mvua ilianza kutishia juu ya ziwa. Kijana akasema, kwa heshima lakini kwa haraka: "Mama, visanduku ni vitatu. Cha kwanza?"

"Safari," akasema mama. Hilo halikumsumbua mtu. Kivu imejaa watu wa jina hilo, waliozaliwa mama zao wakiwa mbali na nyumbani.

"Cha pili?"

Akainama, akalisema jina la baba mkwe wake sikioni mwa kijana. Kijana akaandika, akifunika karatasi kwa kiganja, ingawa hakuna aliyekuwa akichungulia. Jirani wa simu alikuwa ameangalia upande wa ziwa.

"Cha tatu?"

"La baba yake. Akirudi akitafuta, aulize kwa jina hilo, ampate."

Kijana akaandika polepole, kwa herufi kubwa, kama alivyolisikia: KAZIMIRI. Mwalimu akanyoosha shingo kuona. Kijana aliona macho yake, akasita.

"Nimekosea, Mwalimu? Ni kwa C? Nifute?"

"Wenyewe huko Polonia huandika kwa K na Z," alisema Mwalimu. "Acha hivyo."

Mama akauliza kama kuna kitu cha kulipa. Hakukuwa na kitu cha kulipa. Alikaza kitenge, mtoto akalia kidogo akanyamaza, na kijana akapanda tena juu ya jiwe, akafungua ukurasa mwingine, akaita Venceslas. Hakuna aliyeitika. Akaita mara ya pili, akangoja, kisha akaweka alama ndogo pembeni ya jina na kuendelea na linalofuata.